Jibu: Wahui na Wauyghuri ni watu wamoja?
Habari ndugu. Umeuliza kwa nini vitabu vinawataja Wahui na Wauyghuri kama makabila mawili tofauti wakati wote ni Waislamu wa China.

Anza na lugha, dini iache kwanza. Wahui wanaongea Kichina kama majirani zao Wahan, kabila kubwa zaidi la China, na wametawanyika nchi nzima, ingawa Ningxia ndio mkoa wenye jina lao. Wauyghuri wana lugha yao ya jamii ya Kituruki, wanaiandika kwa herufi zenye asili ya Kiarabu, na wengi wako Xinjiang, kaskazini-magharibi mwa China.

Mimi huenda Guangzhou kwa biashara, na tofauti naiona mezani. Kwa Wahui utakuta tambi zinavutwa kwa mikono mbele ya macho yako, zinatiwa kwenye supu ya ng'ombe. Kwa Wauyghuri ni mkate wa tanuri, mishikaki ya kondoo na pilau ya karoti ambayo Mswahili hahitaji kuelezwa.

Zheng He, yule amiri wa meli za China wa karne ya 15 ambaye meli zake zilifika Malindi, alizaliwa Yunnan, kusini-magharibi mwa China, katika familia ya Kihui. Ni mfano mzuri wa Mhui maarufu.

Na usiishie hapo: kati ya makabila 56 yanayotambuliwa na serikali ya China, 10 ni ya Waislamu. Angalia na Wakazaki, Wasalari na Wadongxiang.