Shangazi, ninunue kigari cha mtoto cha elfu 85?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 26, naishi Langoni hapa Lamu, na nina mimba ya miezi saba, mtoto wa kwanza. Mume wangu ni nahodha wa boti ya watalii. Kaskazi hii tumejaliwa kuweka shilingi 120,000. Wifi yangu aliyeolewa Malindi ana kigari cha mtoto, kile cha magurudumu makubwa, na kila akinitumia picha mtoto kalala mle kama mwana wa sultani. Nimekiona kama hicho Mombasa, shilingi 85,000. Mume wangu kasema nikikitaka atanunua. Lakini mavyaa aliposikia, alisema mbele ya wageni kuwa mtoto wa Amu, yaani Lamu yetu, hulelewa na mikono, halelewi na magurudumu, na kwamba nataka kumfilisi mwanawe. Nililia usiku kucha. Mgongo unaniuma tangu mimba ilipofika miezi minne, naogopa sitaweza kumbeba mwanangu. Je, ni makosa kumtakia mtoto kitu kizuri? Nifanye nini?*

*Mja Mzito, Langoni*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa barazani natazama njia, kwa sababu jibu lako lipo pale njiani.

Nianze na swali lililokuliza. Si makosa. Hakuna mwanamke aliyebeba mimba asitamani mwanawe aje akute kitu kizuri kinamsubiri. Usikubali mtu akwambie kuwa hiyo ni tamaa.

Lakini kigari hicho usikinunue. Na sababu zangu si zile za mavyaa wako, kwa hiyo nivumilie nikueleze.

Mimi nilikuwa nacho. Mtoto wangu wa tatu alipozaliwa nilikuwa nikimpikia mama mmoja mgeni, naye aliporudi kwao aliniachia kigari cha wanawe, kizuri hasa, kitambaa cha buluu. Siku ya kwanza nimeshuka nacho dakani, mtoto amelala ndani, nikaelekea sokoni. Sikufika mbali. Gurudumu la mbele likatumbukia kwenye mfereji, lile la nyuma likakwama kwenye ukingo wa jiwe. Nikiwa nimeinama navuta, nikasikia nyuma yangu mwenye punda akiomba njia. Punda watatu, kila mmoja na shogi zake zimejaa mchanga wa kujengea, na njia pale nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili. Punda huyo hana pa kurudi, nami sina pa kupita. Nilikinyanyua kigari na mtoto ndani yake nikakipandisha juu ya baraza ya watu, nikakishikilia pale mpaka punda wakapita. Mtoto hata hakuamka. Mimi mgongo uliniuma siku tatu.

Nilijaribu tena mara mbili au tatu, nikaacha. Baada ya muda upepo wa bahari ukafanya kazi yake: chumvi ikala skrubu, breki ikawa haishiki. Wanangu wakafanya mle ndani pa kuwekea mipira.

Sasa turudi kwako, kwenye huo mgongo. Naona ndiyo hofu yako kubwa, na umeiandika mwisho kama kitu kidogo. Unafikiri kigari kitakupunguzia mzigo. Kigari kikubwa cha namna hiyo, kikiwa kitupu, huwa na kilo 10 hadi 15. Mtoto wa miezi sita ana kilo kama 7. Kwenye njia pana iliyonyooka huuhisi uzito huo, unasukuma kwa kidole. Lakini wewe utaunyanyua kila penye kipandio, kila penye mfereji, kila anapokuja punda, na ngazi za nyumba zetu unazijua, zile za mawe zenye vipandio virefu visivyo na mahali pa kushika. Ukienda Mokowe, ng'ambo bara, utaunyanyua kuingia botini na utaunyanyua kutoka, gatini penye utelezi. Ukijaaliwa kuzaa kwa upasuaji (nakuombea uzae salama kwa njia yoyote) utaambiwa wiki za mwanzo usinyanyue kitu kizito kuliko mtoto mwenyewe. Kwa njia zetu, kigari hiki kitaumaliza mgongo unaotaka kikusaidie.

Vigari hivi vilizaliwa penye njia zake. Kile kinachotajwa kuwa cha kwanza kilitengenezwa Uingereza mwaka 1733 na William Kent, mtengeneza bustani, kwa watoto wa Duke wa Devonshire. Kilikokotwa na mbuzi au farasi mdogo ndani ya bustani za jumba. Na hata huko kwao uzito uliwasumbua akina mama. Mwaka 1965 mhandisi wa ndege aitwaye Owen Maclaren alibuni kigari chepesi cha aluminiamu kinachokunjwa kama mwavuli, baada ya binti yake kutaabika na kigari kizito safarini kutoka Moscow. Ikiwa mama mwenye lami na treni alilalamika, wewe wa Langoni utasemaje?

Halafu hesabu safari zako mwenyewe. Siku arobaini za mwanzo umo ndani, hutoki. Zikiisha tu zinafika sindano za wiki ya 6, kisha wiki ya 10, kisha ya 14. Baada ya hapo ni kupima uzito kliniki, na sindano ya surua akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18. Zaidi ya hapo ni kwenda kwa mama yako, kwenda harusini, kwenda matangani, na kote huko mtoto hupokewa mlangoni na mikono kumi. Wewe mwenyewe unajua, ukifika na mtoto penye watu hukai naye dakika tano.

Kuna na la pesa, na hapa nataka msikilizane vizuri na mume wako. Mna 120,000. Ukitoa 85,000 mnabaki na 35,000. Una miezi saba, kwa hiyo utazaa kusi ikianza, masika juu yake. Mke wa nahodha hahitaji kuelezwa kusi: bahari inachafuka, wageni wanapungua, kuna hoteli zinafunga, boti inakaa ufukoni ikingoja. Pesa ya kaskazi ndiyo inayolisha kusi. Hizo 120,000 mnaziona leo kama akiba, lakini ndizo unga, mafuta na samaki wa miezi minne ijayo, na kinywa kimeongezeka.

Kabla ya lolote, hakikisheni michango yenu ya SHA, bima ya afya ya serikali, imelipwa. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara hulipa ya mwaka mzima, yaani kuanzia 3,600. Hiyo ilipwe wiki hii, usingoje uchungu. Kisha wekeni kando nauli ya boti na gari, ikitokea ukahamishwa hospitali usiku. Kisha tafuta msichana au mama wa kukusaidia kufua na kupika kwa miezi mitatu ya mwanzo, umlipe vizuri. Mgongo wako unataka mtu wa kuinua ndoo. Na mkandaji umwekee fungu lake.

Kuhusu maumivu yenyewe, mwambie muuguzi kliniki yako ijayo, usiyafiche. Viungo vya nyonga hulegea wakati wa mimba kujiandaa kwa uzazi, na wengi wetu mgongo hupoa baada ya kujifungua. Lakini maumivu yakija na damu, homa, kuungua ukikojoa, au yakija na kuondoka kwa vipindi, usiningoje mimi wala Jumatatu, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kumbeba mtoto nako kuna ujuzi wake, na nadhani hujafundishwa. Wasichana wengi wa siku hizi hawajafundishwa. Mchanga hufungwa kifuani, mgongoni asipelekwe mpaka shingo ikaze. Uso wake uuone muda wote, kidevu kisimlalie kifuani, nguo isimzibe pua. Ukiinamisha kichwa uweze kumbusu utosi. Miguu ipanuke, magoti yawe juu kuliko makalio, ndivyo nyonga zake zinavyokaa vyema. Akifika umri wa mgongoni, mpandishe juu na umkaze. Mtoto aliyening'inia chini kiunoni ndiye anayeumiza mgongo. Leso itandaze ishike bega zima, isiwe kamba shingoni. Nunua pamba nzito, mpya, usiichanganye na zile laini za kutokea. Umbebapo hivyo, uzito unagawanyika mwili mzima na mikono yako miwili iko huru kushika ukuta penye ngazi.

Na nani atakufundisha haya? Mavyaa wako.

Najua umekunja uso. Kukusema mbele ya wageni lilikuwa kosa lake, na mtu mzima hakosi haya ya kujua hivyo, hata asipokwambia. Alichosema juu ya njia za Amu ni kweli. Alichosema juu yako si kweli. Wewe hukumwomba mwanawe akope, uliuliza, naye akasema atanunua. Hapo mume wako nina neno naye. Kusema "ukitaka nitanunua" kisha kunyamaza mama yake anapokushukia ni kukuachia mzigo wa uamuzi wa watu wawili. Mwambie, kwa upole, jioni akiwa ameshakula, kwamba ungependa akamwambie mama yake faraghani kuwa jambo lile mlilizungumza pamoja. Maneno machache yanatosha. Asimgombeze, na wewe usiwepo.

Kisha, ikipita wiki hivi, nenda kwa mavyaa na leso yako mpya mkononi, umwambie: "Mama, nifundishe kumfunga mwana." Usitaje kigari. Nimeona wanawake wakali wakilainika kwa sentensi hiyo, kwa sababu wengi wanachokiogopa ni kwamba hatutawahitaji tena.

Sasa wifi yako. Usimwonee uchungu, na kigari chake si cha bure. Yeye yuko Malindi. Ana lami, ana njia ambazo gari linapita, nyumba yake pengine ya chini. Huko kigari kina kazi. Hata hivyo, lau ungekuwa wewe unahamia Malindi kesho, bado ningekwambia usitoe 85,000. Ningekwambia utafute cha mtumba, chepesi, kinachokunjika kikaingia nyuma ya tuktuk. Ukague breki kwa kukiweka penye mteremko, ukague komeo la kukunjia lisijifunge lenyewe wala lisibane vidole, ukague mikanda ya mabega na ya katikati ya miguu, na magurudumu yawe makubwa, maana nje ya lami Malindi ni mchanga na gurudumu dogo linazama. Mtoto asiyejua kukaa bado anahitaji kulala chali, bapa, siyo kukunjwa kitini, kwa hiyo vile vya kukaa tu vingoje mpaka miezi sita hivi.

Na mpelekee wifi salamu zangu na neno moja. Katika picha hizo, kama anamfunikia mtoto kigari kwa leso ili jua lisimpige, aache. Watu wengi hufanya hivyo kwa mapenzi. Hewa inakosa kupita, na joto mle ndani linapanda haraka kuliko unavyodhani, hasa kwa jua letu la saa sita. Kivuli cha mwavuli juu, pande wazi. Chandarua chepesi cha mbu hakina neno penye kivuli, ila amtazame mara kwa mara.

Ukienda kumtembelea, muazime kigari chake. Msukume mwanao ufukweni jioni, mpige picha akiwa kalala kama mwana wa sultani, maana sidhani kama picha hiyo ni jambo dogo kwako, nami naitaka uipate. Na kama baada ya barua hii moyo bado unakitaka hapa Amu, basi wifi akija Idi aje nacho. Kitie mfuko wa mchele wa kilo 7, ukisukume kutoka mlangoni kwako mpaka Mkunguni mbele ya Ngome na urudi, saa ya punda wa mchanga. Ukifika nyumbani ukasema ulifurahia, niandikie, nitasoma kwa moyo mweupe.

Siku ya sindano za wiki ya 6 toka mapema, saa moja asubuhi, kabla jua halijakaza. Mfunge kifuani. Mwambie mavyaa akusindikize, na kijitabu cha kliniki abebe yeye. Ukirudi nijulishe ni mwana gani na mmempa jina lipi.