Muulize Mwalimu: Nyota kwenye Kamba ya Mashua

SWALI: Mwalimu, hujambo? Tulipokuwa Kilifi kwa ziara ya chuo, nilikuta utando wa kuteleza kwenye kamba ya mashua. Rangi yake ni zambarau iliyokolea, na umejaa vijinyota vya manjano. Nilipougusa, vijitundu vyake vikajifunga. Picha niliyopiga kwa simu nimekutumia. Mimi nasema ni mwani, mwenzangu anasema ni sifongo. Nani kashinda? Na hapa Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, nitaupata?
Mwanafunzi, Nyalenda, Kisumu

JIBU: Sijambo, mwanangu. Hakuna aliyeshinda, ingawa jibu umeliandika mwenyewe: vijitundu vikajifunga. Mwani hauna midomo ya kufunga, na sifongo ukimchokoza hashtuki namna hiyo. Huyo ni asidia wa koloni: mnyama wa baharini anayechuja maji, anayeishi na wenzake wengi wakiwa wameungana katika kundi moja, yaani koloni.

Tazama tena picha yako. Kila jani la nyota ni mnyama kamili wa milimita mbili tatu, mwenye mdomo, utumbo na moyo wake. Huvuta maji kwa mdomo ulio ncha ya nje, huchuja chakula, kisha wote humwaga maji machafu kupitia tundu moja la katikati. Ni kama nyumba za ploti zenye mfereji mmoja wa maji taka. Koloni zima huanzia kwa kiluwiluwi mmoja anayeogelea saa chache tu, akajibandika kwa kichwa, akaanza kuchipuza. Mwaka 1866 Kowalevsky, mtaalamu wa wanyama kutoka Urusi, alionyesha kwamba mkia wa kiluwiluwi wa asidia una notokodi, ule ufito unaotangulia uti wa mgongo. Kwa hiyo asidia ni jamaa wa karibu wa samaki ngege kuliko wa sifongo!

Nyota zinaelekeza kwenye jenasi ya Botryllus. Ndugu yake Botrylloides kwa kawaida hujipanga safu mbili ndefu, kama punje kwenye gunzi. Ila usikimbilie kuandika Botryllus schlosseri, aliyepewa jina na mwanasayansi Pallas mwaka 1766, eti kwa sababu picha ya kitabuni inafanana. Rangi ni mdanganyifu: spishi hiyo moja hutokea ya zambarau, ya machungwa, ya kahawia. Anayeeleza spishi humtoa mnyama mmoja, akahesabu safu za matundu ya koromeo na mikunjo ya tumbo, akatazama kama mayai yamekaa mbele au nyuma ya korodani. Picha ya simu haifiki huko.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Zamani nilitumbukiza kipande kama chako moja kwa moja kwenye spiriti, nikakibeba kwa treni hadi Kisumu. Kilifika kimejikunja kama haragwe, cheupe, nyota hazionekani. Ukirudi Pwani, piga picha na uandike rangi kwanza. Weka kipande kwenye sahani ya maji ya bahari, nyunyiza chembe za mentholi ili wanyama walegee, ungoje hata saa kadhaa. Ukigusa mdomo kwa sindano nao haujifungi, ndipo utie formalini, dawa ya kuhifadhi.

Dunga usijisumbue, asidia wote ni wa maji ya chumvi. Utando wa jeli kwenye matete huenda ukawa braiozoa, wanyama wengine wadogo wa majini. Hao nao huishi katika makoloni, lakini kila mdomo una taji la minyiri, na nyota hakuna. Ukiupata, niletee ndani ya maji ya ziwa. Hadubini yangu bado inafanya kazi.