Tinti ya madirisha ya nyumba Mwanza: angalia ukuta kwanza, weusi baadaye

Mkuu, umeuliza kama uweke tinti nyeusi ya asilimia 5 kwenye madirisha yote ya nyumba yako Nyegezi, kwa sababu sebule inayotazama ziwa ni tanuri kila jioni, makochi yanapauka, na usiku wapita njia wanaona hadi televisheni. Hayo ni matatizo matatu. Tinti inapunguza mawili ya kwanza. La usiku hailiwezi.

Karatasi ya tinti inayobandikwa kwenye kioo inaficha upande wenye mwanga mdogo. Mchana nje kunang'aa, kwa hiyo aliye nje anaona taswira yake tu. Ukiwasha taa mambo yanageuka: wewe unajiona kwenye kioo, yeye anakuona wewe. Hata ile ya kioo-kioo, inayoakisi kama kioo cha kujitazamia, ambayo mafundi wanaiuza kama suluhisho la faragha iko hivyo hivyo. Pazia zito libaki. Faida ya mchana ni kubwa kwa wanaokaa milimani, Bugando au Igogo, ambako jirani wa juu anakutazama chumbani bila hata kukusudia.

Sasa joto. Mwanza iko karibu nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, hivyo saa 6 au 7 mchana jua liko juu sana mwaka mzima. Upenu wa sentimita 60 unaushushia ukuta wa kaskazini kivuli cha zaidi ya mita 1 hata Juni, na wa kusini vilevile Desemba. Madirisha ya pande hizo usiyaguse. Ukuta wa magharibi ni habari nyingine: saa 11 jioni jua limelala, upenu ule ule unatoa kivuli cha kama sentimita 30, na juu yake unaongezewa mng'ao unaoruka kutoka kwenye maji. Hapo ndipo pa kuweka pesa. Mashariki ni ya pili, hasa chumba cha mtu anayelala asubuhi baada ya zamu ya usiku.

Kabla ya kununua, panda kiti uguse dari saa 9 mchana. Kama ni la moto, joto lako linatoka kwenye bati, na tinti haitafika huko. Tengeneza dari kwanza. Na kama unaishi kwa upepo wa ziwa, madirisha wazi mchana kutwa, ujue karatasi haizuii chochote kwenye nusu iliyofunguliwa. Tena dirisha la kusukuma likiwa wazi, vioo viwili vyenye tinti vinapandana na kubana joto katikati.

Kuhusu weusi: asilimia inayotajwa ni ya mwanga unaopita, si ya joto linalozuiwa. Karibu nusu ya nguvu ya jua iko kwenye miale ya infraredi ambayo jicho haliioni. Karatasi nyeusi ya rangi ya kawaida inameza joto, kioo kinachemka, kisha kinakupulizia ndani. Baada ya miaka kadhaa inageuka zambarau. Yenye chembe za metali inarudisha jua nje. Ya seramiki inaweza kupitisha asilimia 50 ya mwanga na bado ikazuia joto kuliko nyeusi ya bei rahisi. Muulize muuzaji jumla ya nguvu ya jua inayozuiwa. Akikutajia infraredi asilimia 90 na kuishia hapo, hajajibu. Onyesho la taa ya joto dukani nalo usilitegemee. Omba kipande, kibandike kwa selotepu kwenye dirisha lako saa 10 jioni, weka mkono nyuma yake na nyuma ya kioo kitupu. Kwa sebule yako ningechukua ya kati ya asilimia 35 na 50 ya mwanga. Asilimia 5 itakufanya uwashe taa mchana, na ziwa utaliona kama lina mawingu siku zote. Makochi yatapumzika, maana karatasi nzuri inazuia takribani asilimia 99 ya mionzi ya urujuanimno, ila kupauka kutapungua tu, kwani mwanga na joto navyo vinapausha.

Usikubali mabaki ya tinti ya gari. Vioo vya pembeni vya gari vimeimarishwa kwa moto, hivyo vinahimili joto la tinti. Cha dirisha la nyumba kwa kawaida hakijaimarishwa. Katikati kikipata joto huku kingo zikiwa zimejificha ndani ya alumini, kinapasuka kuanzia ukingoni. Hatari inazidi kwenye kioo ambacho tayari ni cha rangi (zile bronzi zetu), chenye ukingo uliomeguka, au chenye pazia zito lililokigusa.

Vipimo: rola nyingi zina upana wa mita 1.52. Dirisha la mita 1.5 kwa 1.5 lenye vioo viwili vya takribani 0.7 kwa 1.4 linatoka kwenye mita 1.45 ya rola, vipande viwili sambamba. Madirisha manne ni kama mita 6. Ongeza 1 ya kuharibu.

Kubandika ni upande wa ndani. Grili ikiwa ndani, fundi alumini avinyanyue vioo kwenye reli vitoke. Zima feni. Changanya maji safi lita 1 na matone machache ya shampuu ya mtoto. Maji yakiwa na mchanga, kila chembe itakuwa kipele cha kudumu. Kwangua kioo chote kwa wembe mpya kikiwa kimelowa, hasa pembeni, halafu osha mara mbili. Bandua nailoni ya kinga huku ukinyunyizia upande wa gundi, laza, nyunyizia na juu, kisha sukuma maji kwa raba kutoka katikati kwenda pembeni. Acha pengo la milimita 1 hadi 2 kuzunguka, la sivyo ukingo utainuka. Kazi iishe kabla ya giza: taa zikiwaka, wadudu wa ziwani wanakuja kama moshi, na gundi mbichi inawapenda.

Ukungu na vimalengelenge vya maji vinaweza kukaa hadi siku 30, usivitoboe wala kufuta kioo muda huo. Kipele chenye uchafu ndani hakiondoki, hicho mwonyeshe fundi kabla hujamlipa. Baadaye osha kwa sabuni na kitambaa laini, bila dawa ya vioo yenye amonia.