Pa kupumzika ukizunguka Himeji kwa miguu
Dada, umeuliza mama atapumzika wapi mkienda ngome ya Himeji kule Japani maana magoti yanamsumbua, usiogope kabisa, pa kukaa papo. Kutoka stesheni hadi getini ni kama kilomita moja tu, barabara ya Otemae imenyooka, bapa, ina njia pana ya miguu na mabenchi, na jua likiwa kali hamieni Miyuki-dori inayokwenda sambamba nayo, ile ina paa juu na vijimkahawa ndani mama anapata chai taratibu. Mkifika, kabla ya kukata tiketi kuna uwanja mkubwa wa nyasi unaitwa Sannomaru, hakuna kiingilio, na ngome yote mnaiona kutokea hapo.

Mnara mkuu wenyewe sasa, hapo nakuomba usimlazimishe mama. Lifti hamna, ngazi za mbao zimesimama kama za kupandia darini, halafu viatu mnavua mnabeba mkononi, na ukishaingia kwenye msururu wa watu kukaa katikati ni shida. Angekuwa mama yangu ningempeleka bustani ya Koko-en, iko jirani tu upande wa magharibi, ni bustani 9 zimetenganishwa kwa kuta, kuna nyumba ya chai wanakuletea matcha, ile chai ya kijani ya unga, na kitu kitamu, anakaa anaangalia maji na samaki wakati nyie vijana mnapanda. Chupa ya maji jazeni mapema, mwezi wa 7 na wa 8 joto la kule si mchezo jamani.