Kifo cha kaka kwenye gemu yako hakimgusi mchezaji? Anzia kabla ya kifo

Mdogo wangu, nimekuelewa: kaka anakufa kwenye gemu yako, umeweka muziki wa huzuni na maneno mengi, lakini rafiki zako waliojaribu wanabonyeza tu wapite. Na pole sana, maana umesema kisa umekitoa kwenye msiba wako mwenyewe.

Kifo chenyewe hakina kasoro. Shida ni kwamba huyo kaka hajawahi kumfaa mchezaji kwa lolote. Cheza Brothers: A Tale of Two Sons, gemu ya 2013 ya kaka na mdogo wake. Wanaongea lugha ya kubuni, huelewi hata neno. Kila ndugu anaendeshwa kwa upande wake wa kidhibiti (kile kifaa cha kuchezea unachoshika kwa mikono miwili), na mdogo anaogopa maji, hivyo huvuka ameng'ang'ania mgongo wa kaka. Kaka akishafariki, mdogo anafika majini peke yake. Unabonyeza kitufe chake, haendi. Anaogelea pale tu kidole chako kinaporudi kwenye kitufe cha marehemu. Mimi nililia.

Kwa hiyo mpe kaka kazi moja ndogo, tuseme kushika taa gizani. Irudie mara tano au sita, kisha mwache mchezaji aitafute taa asiipate. Mazungumzo punguza nusu. Halafu mpe ajaribu mtu asiyejua habari za msiba wako. Rafiki zako watakuonea huruma tu.

Ila ukiona uandishi unakukosesha usingizi au chakula hakipiti, weka kando, ukaonane na mshauri nasaha. Gemu itasubiri.