Nauli bila siku za njiani haitoshi

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama askari aliyepangiwa kituo mbali na familia yake anastahili kuongezewa posho ya nauli ya kwenda nyumbani. Mimi ni mke wa askari, naishi Uyole hapa Mbeya, mwenzangu yuko Mtwara. Kikosi sikitaji, wenyewe mnajua kwa nini. Jibu langu ni kwamba nauli iongezwe, ila kwanza aongezewe siku.

Hebu itazameni njia yenyewe. Anaondoka Mtwara alfajiri, anapita Masasi na Tunduru, jioni yuko Songea. Analala gesti. Kesho yake anadaka basi la Mbeya kupitia Njombe na Makambako, anashuka Uyole miguu imevimba, mkononi kafuko ka korosho za watoto. Ruhusa ni ya wiki moja: siku mbili zimeishia kwenye kiti cha basi, na nyingine mbili zinamngoja wakati wa kurudi. Kwenye hizo zinazobaki kuna usingizi, kuna shule ya watoto, kuna kikao cha ukoo (akionekana tu mtaani, ukoo nao unakumbuka kwamba una kikao). Mimi napata makombo. Umwongezee nauli mara mbili, basi halitakimbia zaidi.

Kuhusu hela yenyewe sina maneno mengi. Nauli elekezi za LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, hupangwa kwa kilomita na ziko wazi, kwa hiyo hesabu ya basi haimsumbui mhasibu yeyote. Kinachosahaulika ni gesti ya Songea, chakula cha njiani na bodaboda ya usiku, vitu visivyo na tiketi.

Jambo jingine ni hili la "kwao". Dada yangu ni mwalimu Rungwe. Mtumishi wa umma kama yeye hupata nauli ya likizo kila baada ya miaka miwili, na inahesabiwa hadi kwao alikoandikisha. Kwa askari mwenye familia, kwao pawe pale mke na watoto wanapolala. Mume wangu ni mtu wa Kyela, lakini Kyela hakuna anayemsubiri zaidi ya mama mkwe, na mama mkwe mwenyewe humfuata hapa hapa Uyole. Waingereza wana posho ya aina hii kwa wanajeshi wao, Get You Home Travel, na hutazama umbali kati ya kituo cha kazi na nyumbani anakoishi mtu.

Na pale ambapo kazi haimruhusu kutoka, nauli hiyo hiyo nipewe mimi nimfuate. Shule zikifungwa mwezi wa sita nina nafasi kuliko yeye, viazi vyangu sokoni atauza shemeji. Ila tuwekewe chumba cha wageni karibu na kambi, maana kulipia gesti ya Mtwara na watoto watatu ni mshahara mwingine.