Swali la lugha: Bastola iliyofichwa "hadharani"

SWALI: Natafsiri habari za nje katika redio moja hapa Mombasa. Juzi mhariri alinirudishia sentensi hii: "Wakazi wa New York wenye leseni wanaweza kubeba silaha hadharani mradi wazifiche." Anasema inajipinga yenyewe. Mimi nasema ndivyo sheria yao ilivyo. Nani ana haki? Pia nisaidie: masharti wanayoyapinga mahakamani niyaite marufuku, katazo au zuio?

JIBU: Sheria umeipata, Kiswahili amekipata mhariri. Mmekwama kwenye neno moja, hadharani, na si ninyi peke yenu. Tangu kesi za bunduki za Marekani zianze kuvuma, vyombo vyetu vya habari vinaliandika bila kulitazama mara ya pili.

Hadharani ni hadhara yenye -ni ya mahali, na ukoo wake ni mkubwa: hadhira, mhadhara, kuhudhuria, mahudhurio. Wote wanazungumzia watu kuwapo, wakaona na wakasikia. Mkutano wa hadhara kila apitaye anaweza kusimama akasikiliza. Aliyetukanwa hadharani ametukanwa watu wakisikia. Kwa hiyo neno hili halitaji mahali tu, linadai na macho ya watu. Bastola iliyo chini ya shati, hata mwenyewe akisimama katikati ya soko la Kongowea, bado haiko hadharani. Iko sirini.

Sheria za Marekani zinatenganisha mambo mawili ambayo neno letu limeyafunga pamoja. Kuna suala la mahali: mtu yuko nyumbani kwake, au ametoka. Kisha kuna suala la namna: silaha inaonekana, au imefichwa. Mtu anaweza kuruhusiwa kutoka nayo imefichwa lakini akakatazwa kuionyesha. Florida ilikuwa hivyo kwa miaka mingi. Mwaka 2023 jimbo hilo liliondoa hata hitaji la leseni kwa anayetembea na bastola iliyofichwa, ilhali kuining'iniza kiunoni ikionekana lilibaki kuwa kosa, mpaka mahakama ya rufaa ya huko iliposema Septemba 2025 kwamba katazo hilo linakwenda kinyume na Katiba. Sasa jaribu kuisimulia habari hiyo kwa hadharani peke yake. Utasema walichoruhusiwa kufanya hadharani ndicho walichokatazwa kufanya hadharani, na msikilizaji atazima redio.

Kesi iliyoleta neno hili kwenye vichwa vya habari ni ile ya New York, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani tarehe 23 Juni 2022, majaji 6 dhidi ya 3. Sheria ya jimbo hilo, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1911, ilimtaka anayeomba leseni ya kutoka na bastola aonyeshe sababu mahususi, kwamba yeye ana hatari inayomkabili kuliko watu wengine. Kusema tu "naogopa majambazi" hakukutosha. Wanaume wawili na chama cha wenye bunduki wakaenda kuipinga, na kesi ikachukua jina la Kevin Bruen kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkuu wa polisi wa jimbo. Mahakama ikalibatilisha sharti hilo. Leseni waliyoigombania ilikuwa ya bastola iliyofichwa. Lakini msikilizaji wa Likoni aliyesikia "hadharani" siku ile alimwona mtu akikatiza mitaa ya Manhattan, bastola mkononi. Hilo hakuna aliyeliomba wala aliyelipewa.

Basi tuandike nini? Kiswahili kina kitenzi kizuri, na polisi wetu na wapiga soga wa barazani wote wanakitumia: kutembea na. "Yule bwana anatembea na bastola." Hakuna atakayeuliza kama inaonekana, kinachoeleweka ni kwamba akitoka nyumbani hutoka nayo. (Najua kutembea na mke wa mtu ni habari nyingine, lakini bastola haimchanganyi yeyote.) Kubeba si kosa, na limeshazoeleka, ila lina harufu ya mzigo, na mzigo huonekana. Ninaloliepuka kabisa ni kuchukua au kushika silaha, kwa maana aliyeshika silaha katika Kiswahili cha habari ameingia msituni kupigana na serikali. Ukihitaji kutaja mahali, sema nje ya nyumbani, mitaani, au sehemu za umma. Ukihitaji kutaja namna, ndipo useme waziwazi au iliyofichwa. Sentensi yako itasomeka hivi: "Wakazi wa New York wenye leseni wanaweza kutembea na bastola mitaani mradi waifiche." Nimeweka bastola kwa makusudi. Silaha ni pana, panga limo na mkuki umo, na kesi ile haikuhusu panga.

Kuna kosa jingine ambalo hukulifanya, nalo naliona kila mara: kuandika kumiliki mahali pa kutembea na. Marekebisho ya Pili ya Katiba yao, ya mwaka 1791, ambayo ndiyo yanayolinda haki ya silaha, yanataja vitenzi viwili, kumiliki na kubeba, na mahakama hiyohiyo imevishughulikia kwa zamu. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller iliyotoka Washington, ilisema raia ana haki ya kuweka bastola nyumbani kwa kujilinda. Mwaka 2010, katika kesi ya McDonald dhidi ya jiji la Chicago, ikasema haki hiyo inayabana majimbo na miji pia, si serikali kuu peke yake. Kutoka nayo mlangoni kulisubiri hadi 2022. Anayeandika kwamba mwaka huo "mahakama iliruhusu kumiliki bunduki" amechelewa miaka 14.

Nije kwenye marufuku. Neno hili tumelifanya kapu la kila kitu. Marufuku ni kukatazwa moja kwa moja, bila mlango. New York haikupiga marufuku. Iliweka sharti, na wengi walishindwa kulitimiza. Hayo yaite masharti. Zuio waachie majaji, kwa sababu katika mahakama zetu zuio ni amri ya kusimamisha jambo. Utaona faida yake ukitafsiri kisa cha New Mexico. Tarehe 8 Septemba 2023 Gavana Michelle Lujan Grisham, baada ya vifo vya watoto kwa risasi, alitoa amri ya siku 30 kuwakataza watu kutembea na bunduki, zikionekana au zimefichwa, katika jiji la Albuquerque na kaunti yake. Hiyo ndiyo marufuku hasa. Tarehe 13 mwezi huohuo Jaji David Urias akatoa zuio la muda dhidi yake, na gavana akaipunguza ibaki kwenye bustani za umma na viwanja vya michezo ya watoto. Ukiita yote mawili zuio, utakuwa na zuio lililozuiwa kwa zuio. Na jaji yule hakuifuta amri, aliisimamisha. Kubatilisha ni uamuzi wa mwisho wa kesi, na kufuta sheria ni kazi ya bunge.

Kuhusu mahakama yenyewe, andika Mahakama ya Juu. Nyinyi Kenya mnayo, kwa hiyo hamna udhuru wa kuandika Mahakama Kuu, ambayo kwenu na kwetu Tanzania ina mahakama nyingine juu yake.

Nimeona pia kwenye karatasi uliyonitumia tafsiri ya sheria mpya ya New York. Baada ya kushindwa mwaka 2022 jimbo liliorodhesha mahali ambapo hata mwenye leseni haruhusiwi kuingia na bastola: Times Square, treni za chini ya ardhi, baa, bustani na kadhalika. Kesi zikafunguliwa upya, na mahakama ya rufaa ikaacha sehemu kubwa ya orodha hiyo isimame. Wewe umeandika kwamba watu wamekatazwa "kubeba bastola katika sehemu nyeti". Ndugu yangu, sehemu nyeti za mtu unazijua, na msikilizaji wako anazijua. Andika "mahali ambapo bastola haziruhusiwi", na uirekebishe kabla ya taarifa ya saa moja.